Mdosi anasema ajali haina kinga. Nimjibu nini?

KaraniElburgon

Hamjambo wote. Mimi ni karani katika kiwanda kidogo cha kupasua mbao hapa Elburgon, Kaunti ya Nakuru. Siku yenye kazi nyingi tunafika watu 23: wapasuaji, wabeba magogo, wapanga mbao, dereva wa trekta, mlinzi, na mimi mwenye daftari.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja alikatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye msumeno wa mviringo. Ana miaka 24, na mke wake amejifungua juzi juzi tu. Nilikuwa namwandikia risiti mteja wa Molo nikasikia mlio wa msumeno umebadilika, halafu kimya, halafu watu wakaanza kuita. Nilimfunga mkono kwa fulana yangu, kwa sababu kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na bandeji moja na chupa ya dawa iliyokauka. Trekta ilimfikisha barabarani, bodaboda ikamfikisha hospitali.

Jioni mdosi alitukusanya. Alisema kijana hakuwa makini, na kwamba ajali haina kinga. Naomba mnielewe, si mtu mbaya. Hospitali alilipa bila kuombwa, na nyumbani kwa kijana alipeleka unga na sukari mwenyewe. Kesho yake alinunua glavu jozi 20 na kubandika karatasi ukutani: USALAMA NI JUKUMU LAKO.

Nilipomwambia kwamba pengine kiwanda chenyewe kinahitaji mpango, mtu wa kufuatilia, daftari la matukio, aliniuliza hivi: "Karani, kwa nini kiwanda kijisumbue na jambo ambalo kila mtu anaweza kulifanya mwenyewe kwa kuangalia anachofanya? Hayo ni ya makampuni makubwa."

Sikuwa na jibu. Sheria najua ipo, lakini nikimtajia sheria ataona namtisha. Nataka jibu ambalo mtu aliyeanza na msumeno mmoja mwaka 1998 atalisikia na kulikubali. Nisaidieni.

FitterMuhoroni

Karani, pole sana, na utupelekee pole kwa kijana.

Mimi ni fitter mstaafu, yaani fundi wa kufunga na kutengeneza mashine. Nimefanya kazi miaka 31 katika viwanda vya sukari huku Kisumu, kwa hivyo mbao si fani yangu. Lakini swali la mdosi wako nalijua vizuri, maana mwaka 1994 nililijibu kwa sahihi yangu, na nililijibu vibaya.

Kiwanda sitakitaja. Miwa ikishasagwa, makapi yake hupandishwa kwa mkanda mrefu hadi kwenye boila, yakachomwe ili mvuke uzungushe vinu. Kule chini, mwisho wa mkanda, kuna pipa la chuma ambalo mkanda hulizunguka na kurudi. Makapi yakiwa na maji hugandamana kwenye lile pipa, na mkanda unaanza kwenda upande. Rafiki yangu, mtu wa Koru, ndiye aliyekuwa analinda pale. Yakiganda, alikuwa anachukua kipande cha nondo na kuyakwangua huku mkanda unazunguka. Wavu wa kinga ulikuwepo. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeshika kutu. Usiku mmoja mkanda ulivuta nondo, nondo ikavuta mkono. Ulikatika juu ya kiwiko.

Mimi ndiye niliyesimamisha mkanda. Asubuhi ofisi iliandika kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe na aliondoa kinga. Nikaambiwa nitie sahihi kama shahidi, nikatia. Na haukuwa uongo, wavu aliutoa yeye kwa mkono wake.

Mwaka uliofuata tuliletewa mhandisi mpya. Alipita pale akamkuta mtu mwingine ameshika nondo nyingine, na wavu ule ule uko ukutani. Hakumgombeza. Aligeuza ndoo akaikalia, akashinda naye zamu nzima akimuuliza. Wavu uko ukutani kwa nini? Kwa sababu una bolti nane, na pipa linataka kukwanguliwa mara sita kwa zamu. Kwa nini usiusimamishe mkanda kwanza? Kwa sababu ukisimama dakika tano boila inakosa makapi, mvuke unashuka, vinu vinalala, na simu ya kwanza kutoka juu inauliza jina la aliyesimamisha. Na kwa nini yanaganda hivi? Kwa sababu roli za kinu cha mwisho, yale mapipa ya chuma yanayokamua miwa, zimelika, hazikamui vizuri, makapi yanatoka yakichuruzika maji.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na spana yangu, nikasikia yote. Rafiki yangu asingeweza kununua roli. Asingeweza kuizima ile simu, wala kuuwekea wavu bawaba ili ufunguke bila spana. Vyote vilikuwa mikononi mwa ofisi. Kilichobaki mikononi mwake ni nondo.

Mhandisi alifunga kwango la kudumu la mpira mgumu linalosafisha pipa lenyewe likizunguka. Wavu ukatiwa bawaba, na swichi ikawekwa ambayo ukifungua wavu mkanda unasimama. Karibu na boila pakatengwa akiba ya makapi ya kuchoma kwa dakika kumi. Na ofisi iliandika barua, ikabandikwa, kwamba anayesimamisha mkanda kwa ajili ya usalama haulizwi. Roli zilisubiri hadi msimu wa matengenezo. Tangu siku hizo hadi nilipostaafu, mkanda ule haukumchukua mtu mwingine. Watu walikuwa wale wale, na umakini wao ni ule ule.

Ndilo jibu la mdosi wako, Karani. Kibarua anaweza kuangalia anachofanya, kweli. Lakini kasi ya kazi, namna ya kulipa, vipuri, na saa ya kusimamisha mashine huamuliwa na mwenye kiwanda, na hatari nyingi hutoka humo. Sisi tulikuwa tunasema ajali haina kinga mbele ya mashine ambayo kinga yake ilikuwa imeegemea ukuta.

Tena kuna madhara ambayo macho hayayaoni kabisa. Makapi ya miwa yakirundikwa yakakauka, huzaana humo vijidudu ambavyo ukivivuta na vumbi vinaharibu mapafu. Mtu anaanza na kikohozi na homa, wanadhani ni malaria. Hakuna umakini unaomsaidia huyo, anasaidiwa na anayepanga makapi yalowanishwe na yasilale muda mrefu. Kwenu ni vumbi la mbao. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Na kelele: kanuni zetu za Kenya za 2005 zinakataza mtu kukaa kwenye kelele zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, na msumeno unaopasua gogo unaweza kupita hapo kwa urahisi. Mimi mwenyewe sikio la kulia wajukuu wanalizunguka, wanakuja kuongea upande wa kushoto.

Sasa la haraka, lifanye leo: mwambie mdosi glavu zivuliwe kwa kila anayelisha msumeno. Zivaliwe na wabeba magogo na wapanga mbao. Kwenye kitu kinachozunguka, jino likishika kitambaa cha glavu linavuta mkono mzima. Najua alinunua kwa moyo mzuri.

Halafu nenda ukasimame karibu na ule msumeno asubuhi nzima kama yule mhandisi. Usitazame mikono ya mpasuaji, tazama kinachomlazimisha kufanya anavyofanya. Rudi utuambie.

MillKakamega

Mzee nakuheshimu, lakini mimi nina kinu cha kusaga mahindi hapa Kakamega na naona mnamwonea mwenye biashara. Nilinunua barakoa, zikavaliwa wiki moja. Nilinunua buti, mmoja akauza. Mkanda wa mota nimeufunika, wanaufunua. Mtu mzima nimshike mkono? Na sisi wadogo pesa za afisa wa usalama tutatoa wapi? Nauliza kwa nia njema, maana nikipata ajali mimi ndiye ninayefunga duka.

FitterMuhoroni

Ndugu yangu, hukuonewa, na buti kuuzwa inauma. Lakini nikuulize: wanaufunua mkanda wakati gani? Kama ni kila asubuhi, pengine unateleza na wanaukaza, au mota inapata joto kwa sababu kifuniko hakina matundu. Tafuta kinachowafanya waufunue. Barakoa nazo hazivaliki kwenye joto na jasho zamu nzima, hata mimi nilikuwa nateremsha yangu. Vifaa vya kuvaa ndivyo vya mwisho katika mpango. Kwanza unaangalia kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, au kuzibwa isimfikie mtu: bomba la unga limepasuka wapi, mfuko wa kukusanya vumbi umetoboka wapi. Ukiziba pale, vumbi la kuvaliwa barakoa linapungua sana.

Afisa wa kuajiri huhitaji. Unahitaji daftari la shilingi mia. Sisi tuliliita daftari la nusura. Kila jambo lililotaka kuumiza mtu likashindwa liliandikwa mle: gogo lilidondoka nusura limpige fulani, ngazi iliteleza, waya uliguswa ukamrusha. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kuandika. Ijumaa mwenye uwezo wa kutoa pesa analisoma mbele ya watu na kusema lipi linatengenezwa na lini. Mwenye uwezo wa kutoa pesa, si karani. Akilisoma karani, ndani ya mwezi daftari litakuwa linafungia mlango.

BimaKisumu

Karani, mimi niko ofisi ya bima hapa Kisumu, nashughulikia karatasi za walioumia kazini. Mzee amekupa moyo wa jambo, mimi nikupe hesabu, kwa sababu mwenye biashara hesabu anaisikia.

Tuna sheria mbili za mwaka 2007. Ya kwanza ni ya usalama na afya kazini. Inagusa kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, kwa muda au kwa kudumu, kwa hivyo ile ya "makampuni makubwa" iondoe. Mahali pa kazi panapaswa kusajiliwa na kukaguliwa na mshauri aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Mkiwa 20 au zaidi kwa kawaida, kamati ya usalama ni lazima. Nyinyi siku yenye kazi nyingi mnafika 23, hesabu mwenyewe siku za kawaida mko wangapi. Ajali ya kufa hutolewa taarifa kwa afisa wa serikali wa usalama kazini ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi hupelekwa ndani ya siku 7. Ajali inayomweka mtu nje ya kazi zaidi ya siku tatu hupelekewa pia taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Ya kijana wenu imepita wiki tatu. Ipelekeni kesho Nakuru, msingoje kuulizwa. Na mtu akiumia au akifa kwa sababu mwenye mahali alivunja sheria, faini inaweza kufika shilingi milioni moja, au kifungo hadi miezi 12, au vyote.

Ya pili ni ya fidia. Mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya kuumia kazini. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na hesabu hufanywa juu ya mapato ya miezi 96. Tuseme kijana alikuwa anapata 15,000 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,440,000. Daktari akiandika ulemavu wa asilimia 10, ni 144,000. Bila bima pesa hiyo inatoka mfukoni kwa mdosi, na unga na sukari havihesabiwi humo, hata kama vilitoka moyoni.

Kijana asikae. Dai lake liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, njia inaanzia kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si mahakamani. Wako watu wanaozunguka mahospitalini wakiahidi kesi ya haraka, amwambie mama mtoto wake wasitie sahihi karatasi ya mtu wasiyemjua.

Kaka, hizi karatasi nimezijaza miaka tisa. Safu ya "sababu ya ajali" ni mstari mmoja mfupi. Karibu kila mwajiri anaandika neno moja: uzembe. Nikimpigia simu kuuliza mashine ilikuwa katika hali gani, ananiambia safu haina nafasi ya kuandika hayo.

KaraniElburgon

Wazee, dada, asanteni. Nimekaa kimya siku tano kwa sababu nilifanya alivyosema mzee.

Glavu zilivuliwa siku ile ile. Mdosi alishtuka kidogo, akaniuliza nani amesema, nikamwambia fitter wa Muhoroni. Akakubali haraka kuliko nilivyodhani.

Halafu Jumatano nilibeba kiti changu nikakaa karibu na msumeno tangu saa mbili asubuhi. Saa mbili mpasuaji anasukuma ubao kwa vidole viwili, unapita kama siagi. Saa tano anausukuma kwa kifua. Meno yameisha makali. Tuna misumeno miwili tu ya kubadilishana, na wa pili ulikuwa Molo kwa fundi wa kunoa tangu Jumatatu. Nikamuuliza kwa nini asiseme usimamishwe. Akanijibu bila kunitazama: "Karani, wewe si ndiye unayehesabu mbao?"

Ni kweli. Mimi ndiye ninayehesabu. Wanalipwa kwa idadi ya mbao, na muda wa kubadilisha msumeno hauna malipo. Miaka minne nimeandika hesabu hiyo kila jioni kwa mwandiko wangu, na sikuwahi kuona kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu anayesukuma msumeno butu kwa kifua. Kijana aliumia saa tano na nusu. Nimeangalia risiti ya yule mteja wa Molo, niliandika saa.

Kifuniko cha msumeno nilikikuta stoo, nyuma ya magunia. Kilitolewa siku ya kupasua magogo makubwa kwa sababu yanakigonga, na hakikurudishwa hata tulipokuwa tunapasua mbao ndogo. Kijiti cha kusukumia hakipo. Vilikuwepo, wanasema, vikachukuliwa pamoja na mabanzi ya kuni.

Usiku niliandika gharama: hospitali, nauli, siku mbili za msumeno kusimama, mbao za paa la kanisa kule Njoro ambazo oda yake ilihamia kwingine, na mtu mpya ambaye bado hajui kupanga. Jumla ni shilingi 187,000, kabla ya fidia aliyotaja dada. Msumeno wa tatu ni chini ya robo ya pesa hiyo. Nilimwekea mdosi karatasi mezani nikatoka nje.

Alikuja nyuma yangu baada ya muda mrefu. Alienda stoo, akakitoa kifuniko mwenyewe, akakifuta kwa kitambaa. Amekubali msumeno wa tatu, na dakika za kubadilisha zilipwe kama mbao kumi. Jumatatu tunaenda naye Nakuru kupeleka taarifa ya ajali. Kamati bado anaifikiria. Daftari la nusura nimelinunua, na Ijumaa alilisoma yeye: mambo saba, na la kwanza liliandikwa na dereva wa trekta, kwamba mkanda unaotoka kwenye trekta hadi kwenye meza ya msumeno hupitiwa na watu wakienda chooni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisema.

Mzee, nina swali moja. Fundi hapa anasema nyuma ya msumeno panapaswa kuwa na kile kisu kinachozuia ubao kubana na kurushwa nyuma. Chetu hakipo na hakuna anayekumbuka kama kilikuwepo. Anaweza kukichonga, lakini hajui unene wala mahali pa kukifunga.

FitterMuhoroni

Karani, umefanya kazi ya mtu mzima. Nimesoma hapo kwenye daftari mara mbili.

Kisu hicho kiwe kinene kuliko bamba la msumeno, lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Apime vyote viwili kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, asikisie kwa jicho. Kifuate mviringo wa msumeno, na kwenye usawa wa meza nafasi kati yake na meno isizidi milimita 8. Kifungwe imara kisitikisike, na kilingane sawa sawa na msumeno. Kikiegemea upande kitabana ubao badala ya kuuachanisha. Kwa kuwa misumeno sasa itakuwa mitatu, ipimwe yote: ikinolewa mara nyingi kipenyo kinapungua, na kisu lazima kisogezwe kufuata.

Ule mkanda wa trekta usisubiri Ijumaa. Wekeni uzio wa mabanzi pande zote mbili kesho asubuhi kabla trekta haijawashwa, na choo kipewe njia nyingine. Nitumie picha ya meza ya msumeno kutoka nyuma na kutoka ubavuni, nione fundi atakifunga wapi.